Apewe Anayeomba

Neno ninalolijutia katika kazi yangu yote lilikuwa moja, na nililisema nikiwa nimekaa vizuri, kikombe cha chai mkononi. Nilisema, "Inawezekana."

Kilikuwa kikao cha kamati ya makao yetu ya wazee hapa Newala. Asubuhi ile walikuja wageni na sabuni, sukari na mablanketi, wakawakuta wazee kadhaa wamelala barazani vinywa wazi. Mwenyekiti wa kamati aliona aibu. Alikuwa mfanyabiashara mstaafu, mtu mwema kwa kweli, ndiye aliyetujengea tangi la maji. Alisema tunawalevya wazee kwa dawa. Akapendekeza kuanzia siku ile dawa kali za maumivu zisigawiwe kwa saa. Apewe anayeomba, na aombe kwa mdomo wake mwenyewe.

Muuguzi wetu mkuu, Mama Anjela, alipinga. Alisema mzee wa huku haombi. Mwenyekiti akanigeukia mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyeshinda na wazee kutwa, nikijua Kimakonde na Kimakua, nikijua nani ni mpwa wa nani. Akaniuliza kama utaratibu huo unawezekana.

Ningesema hapana, hakuna ambaye angenifukuza. Lakini nilijisikia mkubwa kuulizwa mimi baada ya muuguzi kusema yake. Nilijua pia kwamba kusubiri kuombwa ni kazi nyepesi kuliko kuzunguka na sinia la dawa kila saa zikifika. Nikasema neno lile. Mama Anjela alijifunga upya kanga yake. Tulipotoka nje alisema tu, "Haya, Baba Tumaini. Umeshasema."

Mliponiaga nikistaafu mwaka huu, ninyi wauguzi na wahudumu vijana, mliniomba niandike historia ya makao. Ya majengo ataandika mwingine. Mimi nitaandika juu ya maumivu ya wazee na namna ya kuyaona, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yenyewe, na kwa sababu nilifundishwa, nikaacha, nikafundishwa tena kwa namna ambayo sipendi imkute yeyote kati yenu.

Nilikuja hapa nikitokea Chiungutwa, nikiwa na cheti cha kidato cha nne na kozi fupi ya uhudumu wa afya. Nilidhani nitapewa koti jeupe. Nilipewa ndoo. Ninyi mmelikuta tangi. Sisi tulikuta maji yanapanda kutoka bondeni kwenye madumu juu ya baiskeli, na mzee alioga kwa maji ambayo leo kijana wa bodaboda anaoshea tairi moja. Kazi yangu ilikuwa kupasha maji, kuogesha, kufua, kugeuza wasiojigeuza, na kunyamaza wakubwa wakizungumza. Nilikuta pia baridi ya Newala ya mwezi wa sita, ukungu unaingia hadi kitandani. Sisi watu wa Masasi huko chini hatukuizoea. Wazee walinicheka nikitetemeka na ndoo, wakisema Mmakua amepanda mlimani bila ngozi.

Somo langu la kwanza lilikuwa kwa Bi Asumini. Alikuwa Mmakonde, Mwislamu, mwembamba, mdomo wa juu ukiwa bado na tundu la ndonya, pambo la mdomo, aliyoivua zamani. Alikaa kitandani akisuka ukili siku nzima. Mama Anjela alinichukua twende kumwona, nami nikataka kuonyesha kwamba nina adabu. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba. Nikamuuliza ameamkaje, akasema salama. Habari za mwili? Nzuri. Nikaona kazi imekwisha, nikageuka niende chumba cha pili.

Mama Anjela alinivuta shati. Akaketi ukingoni mwa kitanda, akaanza kuuliza habari za mvua. Halafu za mbuzi wa jirani walioingia kwenye mihogo. Halafu kama mikorosho ya kwao imechanua vizuri mwaka huo. Bi Asumini alisuka na kujibu, alijibu na kusuka. Nilikuwa nimesimama na taulo, nikihesabu wazee ambao hawajaogeshwa. Ndipo yule bibi akaweka ukili chini na kusema, bila kutuangalia, "Ila huu mguu, mwanangu. Huu mguu usiku si wangu."

Tulipotoka Mama Anjela alinieleza. Alisema yule bibi aliposema nzuri hakudanganya, alikuwa anajibu salamu. Mtu mzima hawezi kuanza na ubaya, ni kukosa adabu. Kwanza mambo yote ni mazuri, halafu ndiyo inakuja ila. "Wewe uliondoka kabla ya ila," alisema. "Kaa chini uisubiri. Ikichelewa, ongelea mbuzi."

Baadaye nilipelekwa kwenye semina nyingi, kwenye kumbi zenye feni na chai ya saa nne. Nilijifunza mengi, siyadharau. Semina moja ilitupa kadi yenye nyuso zilizochorwa, ya kwanza inacheka, ya mwisho inalia, ili mgonjwa aonyeshe kwa kidole maumivu yake yalivyo. Nilikuja nayo hapa kwa fahari, nikampelekea Bi Asumini, ambaye mguu wake siku hiyo ulikuwa umevimba kama mhogo wa miaka miwili. Aliziangalia zote kwa makini, akachagua inayocheka. Nikamuuliza kwa nini. Akasema huyu ndiye mwenye sura ya heshima, hao wengine wamelelewa vibaya. Kadi ile inafaa kwa baadhi ya watu. Kwa wengine, mtazameni mikono.

Mama Anjela alitazama mikono. Wazee wetu hawakai bure, hilo mnalijua: wanasuka, wanabangua korosho, wanachambua mboga, wanakwangua mpini. Alijua kila mmoja anavyofanya kazi yake siku njema. Aliyeanza kubangua kwa mkono mmoja, aliyesuka ukili uliolegea, aliyekuwa akifagia mlangoni kwake na sasa anasema upepo utafagia, alikwenda kukaa kwake siku hiyo hiyo. Alitazama pia magoti wakati wa sala. Ijumaa aliwaangalia wanaoswali, nani ameacha kusujudu na anaswali amekaa. Jumapili aliwaangalia Waanglikana wenzangu, nani hapigi tena magoti. Alisema mzee atamficha muuguzi lakini hataki kumpunguzia Mungu, kwa hiyo akipunguza, ujue ameshindwa.

Kulikuwa na Bibi Somoe, aliyekuwa amesahau hata majina ya watoto wake. Alipiga, alitema mate, alimng'ata mhudumu mmoja mpaka akaomba kubadilishwa zamu. Wengi wetu tulimwita mkorofi, na wapo waliosema ana mashetani. Mama Anjela hakubishana na mashetani. Alisimama tu mlangoni akatutazama tukimwogesha. Akatuuliza kama tumeona kwamba haanzi vita mpaka taulo ifike shavu la kushoto. Hatukuwa tumeona, tulikuwa tunakwepa ngumi. Lilikuwa jino, limeoza hadi mzizi. Lilipong'olewa, Bibi Somoe alirudi kuwa mama mpole ambaye hakumjua mtu. Kumbukeni hilo mkimwita mtu mkorofi. Mtu asiye na maneno husema kwa ngumi, na wakati mwingine anasema jambo la maana kabisa.

Basi hayo nilikuwa nayajua yote siku niliposema inawezekana. Sikuwa mgeni wa kazi. Nataka mlielewe hilo kabla sijaendelea.

Utaratibu mpya ulipoanza, dawa ziliwaendea waombaji. Mzee Chilumba alikuwa fundi wa kuomba. Aliomba sukari, aliomba tumbaku, aliomba blanketi la mwenzake kabla mwenzake hajafariki. Sasa akaomba dawa, na kwa utaratibu akapewa, ingawa nadhani kilichomsumbua zaidi kilikuwa uchovu wa kukaa. Bi Asumini hakuomba. Ukili wake ulilegea, nikauona, nikajiambia uzee. Mama Anjela aligombana na kamati mara mbili tatu, halafu muda wake wa kustaafu ukafika, akarudi kwao Masasi. Ufunguo wa kabati la dawa ukahamia mfukoni mwangu. Wageni walipokuja waliwakuta wazee macho wazi. Dawa zilianza kubaki kabatini mpaka nyingine zikapitwa na muda, tukazifukia. Kamati ilifurahi kwamba zinatosha.

Sasa niwaeleze juu ya Mzee Benedikto.

Alikuwa seremala wa Lisekese. Milango mingi ya huko ni yake, na majeneza mengi yaliyoko chini ya ardhi. Nilipoingia jando, jando letu la kanisani ambalo padre aliliombea kwanza, yeye ndiye alikuwa mlezi wangu. Alikaa nyuma yangu, akaegemeza kichwa changu kifuani kwake, akanifunika macho kwa kiganja kilichonuka mbao. Akaniambia sikioni, "Festo, ukilia hapa, utalia mbele ya kila mtu maisha yako yote." Sikulia. Tangu siku hiyo nilimwita Baba, na binti yake, ambaye sasa ni Mama Neema, nilimwita dada. Ni mkubwa kwangu. Aliniletea uji kule kambini, akauacha njiani kama desturi inavyotaka, na kila mara aliufunika kwa jani ili usipoe.

Uzeeni mvua iliangusha ukuta wa nyumba ya Mzee Benedikto. Mkewe alikuwa amekwisha kufariki. Mama Neema alikuwa mjane, amepanga chumba kimoja Nanganga, akiuza vitafunwa barabarani. Hakuwa na pa kumweka wala nguvu za kumwinua. Mnajua huku kwetu kumpeleka mzazi makao kunavyosemwa. Nilikwenda mwenyewe Nanganga kumshawishi. Alisema watu watasema amemtupa baba yake. Nikamwambia watasema mpaka wachoke. "Dada, mimi niko pale kila siku," nilimwambia. "Atakuwa mkononi mwangu." Kwa neno hilo alikubali, akamleta, na watu wakasema kweli, naye akanyamaza.

Mzee alipata mahali pake karibu na banda la jiko. Alikuja na tezo na kisu chake, akaomba magogo madogo, akaanza kuchonga miiko. Alikaa kwenye kigoda, vipande vya mbao vikimwangukia miguuni, na mpishi wetu, Mama Zuhura, hakupungukiwa mwiko tena. Kila asubuhi nilipita kwake. Shikamoo Baba. Marahaba, Festo. Umeamkaje? Salama. Habari za mwili? Nzuri, namshukuru Mungu. Kisha niliendelea na safari, kwa kuwa wazee walikuwa wengi na sikuwa na sinia la dawa la kunisimamisha kitandani kwa mtu.

Baada ya muda aliacha kigoda. Alichonga amesimama, bega limeegemea ukuta wa jiko. Mimi niliona nguvu. Wageni walipokuja niliwapeleka wakamwone, nikawaambia huyu ni fundi wa zamani, anasimama kutwa kuliko vijana. Walimpiga picha. Akaanza na kula amesimama. Mama Zuhura alipomtania kwamba anakula kama mtu anayesubiri basi, akamjibu kuwa seremala akikaa atadhaniwa kiti, anunuliwe na mteja wa kwanza kwa bei ya hasara. Tulicheka. Kanisani akahamia nyuma kabisa, akawa anasimama ibada nzima, hata pale tunapopiga magoti. Nilimwona. Niliyajua magoti yale yanasema nini, na nikasema moyoni ni umri.

Wakati huo huo Mama Zuhura alianza kulalamika kwamba miiko inatafunwa. Mipini ya miiko mipya ilikuwa na alama, mingine imechanika. Alisema panya wa humu wameacha mahindi wanakula mbao. Nikamtafutia mtego, tukautega na kipande cha dagaa. Hakunaswa kitu. Mama Zuhura akasema panya hao wana akili kuliko kamati.

Mama Neema alikuja kumtazama baba yake na kikapu cha mihogo ya kuchemsha na karanga. Alishinda naye pale jikoni, na alasiri akanifuata ofisini. Hakukaa.

"Baba hajakaa tangu nimefika," alisema. "Midomo yake ina vidonda. Anaumwa."

Nikamwambia kila asubuhi namuuliza, naye anasema mzima. Nikamweleza utaratibu wetu, kwamba mwenye maumivu anaomba, na akiomba tu anapewa.

"Akuombe wewe?"

"Mimi au yeyote wa zamu."

"Kaka, yule ndiye aliyekufundisha kutolia. Sasa aje akulilie?"

Nilisema siwezi kumpa mtu dawa kali ambayo hajaiomba, kamati imekataza. Nilisema kwa sauti ya ofisi. Nilikuwa na ufunguo mfukoni, ulinigusa paja nilipojigeuza kwenye kiti. Mama Neema alijitwisha kikapu chake kitupu. "Haya," alisema. "Wewe ndiye uliyesema yuko mkononi mwako."

Wiki zikapita. Nilipita kila asubuhi, naye aliitika kila asubuhi.

Siku moja kabla ya chakula cha mchana Mama Zuhura aliniita jikoni. Alikuwa ameshika mwiko ambao haujawahi kuingia chunguni, mweupe bado, umetoka kuchongwa. Hakuwa na mzaha siku hiyo. Aliuweka mkononi mwangu akanigeuzia mpini. Alama zilikuwa juu na chini, zimepangwa kama upinde. "Baba Tumaini," alisema, "niambie panya gani ana meno ya mtu."

Nilizunguka nyuma ya jiko. Mzee Benedikto alikuwa amesimama mahali pake, mikono miwili ukutani, macho yamefumba, mwiko ambao haujakamilika ameuuma kwa meno. Jasho lilimtoka ingawa upepo ulikuwa wa baridi. Aliposikia hatua alifungua macho, akautoa mwiko mdomoni, akaufuta kwenye shati.

"Karibu, Festo," alisema. "Habari za kazi?"

Nikamjibu, "Nzuri, Baba."

Nilijisikia nikilisema. Halafu nikakaa kwenye kigoda chake, ambacho kilikuwa na vumbi. Sikumwamkia. Nilimuuliza, "Baba, unaumwa wapi?"

Aliuangalia mwiko mkononi. Kisha akasema, "Huku chini ya kiuno. Ni kama mtu anapiga randa mfupa."

Nikauliza tangu lini. Akasema tangu mikorosho inachanua. Wakati ule korosho zilikuwa zimeshaokotwa, zimeuzwa, na watu walikuwa wanaandaa mashamba ya mahindi.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuniuliza."

"Baba, kila asubuhi nakuuliza."

"Hapana," alisema, bila hasira, kama anayemrekebisha mwanafunzi anayeshika vibaya msumeno. "Ulinisalimu. Nami nikaitika."

Nilifungua kabati nikampa kilichokuwepo, nikapiga simu hospitali. Yaliyofuata mnayajua kwa kazi yenu. Ilikuwa saratani ya tezi dume, imekwisha kuingia kwenye mifupa ya nyonga na mgongo. Daktari alisema ya kuponya hakuna tena, ila ya maumivu ipo, na ingekuwepo tangu mwanzo. Akaandikiwa mofini ya maji, ya kunywa kwa saa, siyo kwa kuomba, pamoja na dawa ya kulainisha choo, ambayo msiisahau kamwe, maana wengi huikimbia mofini kwa ajili ya tumbo. Tulianza na kidogo, tukapandisha kwa maelekezo ya daktari. Siku chache za kwanza alisinzia, nasi tulikuwa tumeonywa. Halafu usingizi ule wa deni la usiku aliokesha ukaisha, akaamka mtu mwenye akili zake zote.

Asubuhi moja aliniambia nimletee kigoda. Nilikifuta vumbi nikamwekea pale pale ukutani. Alishuka polepole, mkono begani kwangu, akakaa. Mama Zuhura alikuwa dirishani na upawa mkononi. Mzee akachukua kisu, akauliza gogo liko wapi. Mwiko aliouchonga siku ile hauna alama hata moja. Uko jikoni hadi leo, ule wenye mpini mrefu.

Nilikwenda kwa mwenyekiti nikamweleza. Alikuja mwenyewe, akamwona, akaushika mmoja wa ile miiko ya zamani, akaugeuza. Aliufuta utaratibu ule pale pale, bila kikao. Kisha akaniambia taratibu, "Lakini Baba Tumaini, mimi nilikuuliza. Ulisema inawezekana." Ndivyo ilivyokuwa.

Jioni hiyo hiyo nilikwenda kwa Bi Asumini. Nilikaa ukingoni mwa kitanda, nikauliza habari za mbuzi. Alinitazama kwanza, maana muda mrefu ulikuwa umepita. Ila yake ilipokuja ilikuwa ndefu, nami niliisikiliza yote.

Tangu hapo tumefanya hivi, na ndivyo mtakavyofanya hata mkiwa wachache na mmechoka. Salimieni kama watu waliolelewa, halafu kaeni chini. Swali la maumivu ni swali la pili, siyo sehemu ya salamu, na liulizeni kwa mahali: mguu, mgongo, tumbo, jino. Asiyesema, mtazameni akigeuzwa, akiogeshwa, akiinuliwa, siyo akiwa ametulia, maana ametulia kwa sababu amepata pembe moja isiyouma. Mkiona mtu amebadilika, amekuwa mkali, ameacha kula, ameacha kazi ya mikono yake, au ameanza kufanya jambo la ajabu mnalolisifia, ulizeni kwanza kama anaumwa kabla ya kumpa jina. Ndugu akija na kusema baba hayuko sawa, aaminiwe. Na dawa iliyoandikwa itolewe kwa saa. Asiyeomba mumfikie kabla ya anayeomba, kwa sababu anayeomba atawatafuta mwenyewe.

Mzee Benedikto aliishi mpaka mvua kubwa za msimu ule. Alikufa asubuhi, amelala ubavu, uso haukukunjamana. Wapo walioniambia nijifariji kwa hilo. Miezi ile ya mwisho ilikuwa mizuri, ni kweli. Iliyotangulia nayo ilikuwepo.

Tulimrudisha Lisekese. Kwao, mzee aliyekuwa mlezi wa jando akizikwa, aliyelelewa naye hushuka kaburini na kupokea upande wa kichwa, kwa kuwa mzee alimshika kichwa chake. Nililijua hilo tangu utoto. Nilivua viatu uani, nikakunja miguu ya suruali. Mpwa wa marehemu, ambaye ndiye mwenye mazishi, alikuwa ananieleza tutakavyopokezana, Mama Neema akatoka ndani kwa wanawake akaja hadi tuliposimama.

"Huyu hapana," alimwambia yule mpwa.

Mpwa akamuuliza kwa upole ni kwa sababu gani, maana desturi ndiyo hiyo.

"Alikuwa mkononi mwake," Mama Neema alisema, akarudi ndani.

Alishuka kijana mwingine. Mimi nilivaa viatu, nikasimama nyuma pamoja na watu wa makao, tuliokuja na gari la kukodi.

Huwa nakutana na Mama Neema sokoni Masasi. Namwamkia shikamoo, ananiitikia marahaba. Ananiuliza habari za nyumbani, namjibu nzuri, na kabla sijaongeza neno ameshageukia mafungu ya mchicha. Ninayo ya kumwambia. Hasubiri, nami namwelewa.

Mzee Benedikto aliuma mbao tangu maua ya korosho hadi korosho kuuzwa, na dawa yake ilikuwa kabatini, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Kwa ajili hiyo sikukishika kichwa cha mtu aliyekishika changu, na sina tena dada.